Nilijipandisha cheo cha judo hadi mkanda wa kahawia, kisha nikatoka jasho

Wakuu, heshima kwenu. Niko Lubumbashi, nina miaka arobaini na tisa, na haya yamenitokea mimi mwenyewe. Mashahidi wapo, kwa bahati mbaya. Kiswahili cha huku kina Kifaransa ndani, mtanivumilia.

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji. Sikuisomea. Nilinunua kitabu, nikafungua pampu, nikaifunga, ikafanya kazi. Umeme nilijifunza hivyo, na kufuga nyuki pia.

Kwa hiyo nilipopata kitabu cha judo kwenye meza ya vitabu vya zamani mjini, sikuona kwa nini judo iwe tofauti.

Kitabu kilikuwa na jedwali. Mimi ni mtu wa jedwali. Mkanda mweupe, njano, chungwa, kijani, bluu, kahawia, mweusi, na chini ya kila rangi mbinu unazopaswa kujua kabla ya kupanda.

Nilijifunza miaka minne nyuma ya nyumba, na gunia la pumba lenye uzito wangu. Kila nilipomaliza sura nilijipa mtihani. Haukuwa mtihani wa mchezo: kwenye kijani nilijifelisha, kwa sababu mguu wa kushoto ulichelewa. Nilisubiri miezi mitatu ndipo nikarudia.

Mke wangu, Mama Odette, alitazama mtihani mmoja tu. Akauliza, "Baba Odette, na gunia yeye iko ceinture gani?"

Nikatafuta mkanda wa gunia kwenye jedwali. Kitabu hakikugusa jambo hilo.

Mkanda wenyewe ulikuwa mmoja. Sikuona haja ya kuwa na saba wakati rangi zipo. Njano niliipata kwa bizari ya jikoni. Chungwa, rangi ya unga ya sokoni. Kijani kilitoka kama sombe, yaani kisamvu, iliyolala. Bluu ilinisumbua. Kahawia, kusema kweli, haikudai kazi kubwa, mkanda ulikuwa umeshaelekea huko wenyewe.

Kwa mweusi kitabu kilisema wazi: lazima mpinzani aliye hai.

Ndipo nikaenda kwenye klabu moja ya mtaa wa Ruashi. Wanafanyia mazoezi kwenye darasa lisilotumika, chini wametandika magunia ya vumbi la mbao na turubai juu yake. Nilitaka kitu kimoja tu: Maître Kazadi, mwalimu na mwenye klabu, aitambue kahawia yangu, ili ile miaka minne isihesabike kama ya kucheza na gunia.

Kwenye simu aliniambia, "Kuya kwanza, tuone."

Mazoezi huanza kwa mstari. Wa cheo cha juu kulia, wa chini kushoto. Nikatazama, na nikaona mara moja kwamba mstari wao umekosewa. Kulia kabisa alisimama bwana mmoja wa mkanda mweupe, msafi kama wa dukani. Katikati, watu wanne wa chungwa. Kushoto kabisa, mama mmoja wa kahawia iliyoiva.

Nikahitimisha kwamba klabu haijui jedwali.

Nilimwendea yule mama, nikainama kama kitabu kinavyoagiza, nikamwomba apande juu. Anaitwa Mama Chanda, anauza samaki wa Kasenga.

"Papa, miye niko hapa juma ya pili," akasema.

Nilidhani ni unyenyekevu.

Kisha nikamwendea wa mkanda mweupe, Papa Ilunga, nikamwambia kwa upole kwamba wanaoanza husimama upande ule. Alinitazama, akamtazama Maître, akaenda. Nikasimama mahali pake.

Maître alinipanga na Ilunga.

Kabla hatujaanza nilimweleza Ilunga jinsi ya kuanguka asiumie. Alisikiliza hadi mwisho. "Merci, papa."

Halafu akaniangusha.

Nikasimama, akaniangusha. Huwa ninahesabu vitu, kwa hiyo najua zilikuwa mara tisa. Gunia halikuwahi kufanya hivyo hata mara moja.

Paa ni la mabati, na mvua ilikuwa imekataa kunyesha. Nilitoka jasho kuliko nilivyowahi kutoka nyumbani. Mara ya saba nikasikia watu wanacheka, nikajitazama. Kahawia ilikuwa inashuka kwenye suruali. Nyuma yake bluu, halafu kijani. Kimono ya Ilunga, ile nyeupe, ilikuwa na historia yangu yote kifuani.

Maître akaja karibu. "Papa, hizi grade zote ni zako?"

"Ndiyo."

"Njo nani alikupatia?" (Huku "njo" ni "ndiye" au "ndiyo".)

"Mimi."

"Ulipita zote mara ya kwanza?"

"Kijani nilifeli."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. "Ile ya kufeli, njo naitambua. Ingine, kwenda ufule."

Baadaye akanieleza. Kwake kuna mweupe na mweusi tu, na mweusi bado hajampa mtu. Hawafui mkanda, wanasema ukiufua unafua ulichojifunza. Vumbi la Ruashi hutoa chungwa bila mtihani. Kahawia ya Mama Chanda ilitokana na kufungia vikapu vya samaki. Ilunga ana miaka kumi na miwili pale, ila mkewe anafulia watu nguo na hakubali kitu kichafu kitoke nyumbani kwake.

Huyo mke nilikutana naye Jumamosi iliyofuata. Alinipa beseni. "Mwenye alipaka, njo atafua." Nilifua kimono mara tatu akinisimamia, halafu mkanda wangu. Rangi zote zilitoka isipokuwa bizari.

Sasa nasimama kushoto kabisa, chini ya Mama Chanda, ambaye hunirekebisha mguu wa kushoto.

Nilichojifunza: rangi ya mkanda inakuambia mkanda umepita wapi. Mtu mwenyewe muulize.

Mwezi uliopita alikuja mgeni, fundi seremala. Akatazama mstari wote, akaona njano yangu, rangi pekee isiyofanana na uchafu, akaja kuniinamia. Nami nikainama. Nilikusudia kumsahihisha baada ya mazoezi. Bado nakusudia.

Wenye klabu, semeni kwenu mstari unapangwaje. Na anayejua kutoa bizari kwenye pamba aandike hapa chini, mke wa Ilunga anausoma uzi huu.