Maman Thérèse na bangi ya saa kumi na mbili

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Oktoba 2014, Thérèse Nday anashika pindo la kitambaa cheusi kwa mikono miwili na kulivuta. Kitambaa ni kizito, na yeye ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minne mwenye goti bovu, hivyo havuti kwa pupa. Nyuma ya kitambaa imesimama mibangi minne, kila mmoja mrefu kumpita mara mbili.

"Bonjour, bamaman," anaisalimu. "Mulilala muzuri?"

Usishtuke, msomaji. Chumba hiki kimo ndani ya nyumba ya vioo ya kituo cha utafiti wa mimea huko Jette, mtaa wa Brussels, kina kufuli mbili, na kibali cha wizara kimebandikwa mlangoni. Kila jani linaloanguka hupimwa na kuandikwa. Thérèse ni mtunza bustani wa kituo, analipwa euro elfu moja mia nne na sitini kwa mwezi, na bangi hajawahi kuivuta hata siku moja. Mama huyu ni mwimba kwaya!

Mibangi yenyewe ni ya mbegu ya kienyeji, iliyokusanywa Katanga miaka ya sabini na kusahaulika ndani ya friji. Haijachanganywa na mbegu nyingine yoyote, ndiyo maana watafiti wa dawa za maumivu wanaitamani. Pakiti ilikuwa na punje arobaini tu, na kituo hakijui pakiti nyingine popote. Februari zilipandwa zote. Thelathini na tatu zilioza, saba zikaota, madume matatu na majike manne.

Kazi ni moja: majike yatoe mbegu mpya kabla ya tarehe 31 Oktoba. Siku hiyo chumba kinakabidhiwa watafiti wa saladi. Mbegu zisipokomaa, basi, imekwisha, hakutakuwa na cha kupanda tena.

Thérèse alishuka kwenye stesheni ya treni ya Gare du Midi mwaka 2001 akitokea Lubumbashi, na sanduku moja na namba ya simu ya binamu. Alisafisha wodi za hospitali kwa miaka tisa, hadi goti likamgomea. Alipoona tangazo la kazi ya bustani, aliomba bila matumaini makubwa.

"Waliniuliza niko na diplôme gani," anasema. "Nikawaambia, bon, diplôme sina, lakini nyanya yangu alikuwa na shamba, na miye njo nilikuwa mikono yake."

Nyanya huyo aliitwa Mwanvua. Kijijini kwake, karibu na Kamina, alikuwa na mibangi michache nyuma ya jiko, dawa ya kuku. Kuku wakianza kusinzia na kuharisha, aliwachanganyia majani kwenye maji. Wanaume walikuja kuiba ya kuvuta, naye aliwafukuza na mchi.

Ilipofika Juni, mambo yaliharibika. Mibangi ilirefuka, ikarefuka, ikagusa vioo vya juu, lakini haikutoa ua hata moja. Viviane, mkuu wa nyumba ya vioo, alikuwa amezoea mbegu za kisasa zinazochanua na kukomaa ndani ya wiki nane. Aliamua kwamba hii ni tasa. Akaandika kwenye kadi ya mlangoni: itupwe Ijumaa.

Thérèse alisoma kadi ile na hakungoja Ijumaa. Alikwenda ofisini na aproni yake yenye udongo.

"Nilimuambia, madame, hii muti haiko mugonjwa. Inangoya usiku. Kwetu jua inatoka six heures, inaingia six heures, mwaka muzima. Hapa jua inakatala kulala! Hii muti haiyaona usiku tangu ilizaliwa."

Kweli tupu. Jua la Juni hapa Brussels linazama karibu saa nne usiku, na chumbani taa ziliachwa zikiwaka hata baada ya hapo ili mimea inenepe. Viviane ana shahada mbili na somo hilo analijua fika. "Nilijua kwamba ilihitaji giza," anakiri, na uso unamwiva. "Niliipunguzia mwanga kidogo tu, kama ninavyozipunguzia zile za kisasa, nikaona hakuna kitu, nikakata tamaa, nikawasha taa tena. Thérèse alitaka usiku kamili wa saa kumi na mbili nzima, bila kuiba hata dakika."

Tatizo likawa pazia. Chumba ni cha zamani, hakina mota ya kuvuta pazia, na kwa mradi unaofungwa nani angenunua? Thérèse alishona mwenyewe vipande vya kitambaa cheusi vilivyonunuliwa kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi. Akaahidi kufunika saa kumi na mbili jioni na kufunua saa kumi na mbili asubuhi, kila siku ya Mungu. Kurudi jioni hakulipwi.

Viviane alimshauri afunike saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, apate usingizi. Mmea unahesabu urefu wa giza tu, saa ya ukutani hauijui.

"Labda wa kwenu," Thérèse alimjibu. "Huu ni wa kwetu." Na hapo ukaidi wake ukamletea balaa.

Maana kanisa lake, mtaa wa Molenbeek, husali Jumapili kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Kila Jumapili, saa kumi na moja, mahubiri yakiwa yamepamba moto, Maman Thérèse aliinuka kwenye kwaya, akachukua mkoba, akatoka kimyakimya. Alipanda metro hadi Simonis, kisha tramu. Akiulizwa, alisema ana shughuli Jette. Neno bangi lilimkwama ulimini.

Shughuli gani hiyo, kila Jumapili, na kitambaa kipya kichwani? Watu wakajijibu wenyewe.

"Bantu balianza kunipa pole," anasema mumewe Donat, akijipangusa machozi ya kicheko. "Moja akaniletea hata kuku. Nikasema aksanti, tukamukula."

Agosti Mchungaji Modeste, mtu wa Bukavu, mpole kupita kiasi, alifika nyumbani kuokoa ndoa. Alifungua Biblia, akakohoa, akauliza kwa sauti ya chini kama dada yetu ana jambo linaloulemea moyo.

"Papa Pasta," Thérèse alilipuka, "siko na bwana mwingine! Niko na bangi!"

Mchungaji akafunga Biblia. Donat anaapa alimsikia mchungaji akinong'ona, "Afadhali bwana."

Ilichukua chupa mbili za soda na nakala ya kibali cha wizara kumtuliza. Jumapili iliyofuata aliombea "mazao ya dada yetu" bila kufafanua mazao gani.

Mibangi nayo ilikuwa imeitikia giza. Wiki ya tatu ya usiku kamili maua ya kwanza yalichungulia. Agosti madume yalimwaga chavua na kuondolewa. Kisha ikawa kungoja, wiki baada ya wiki, watafiti wa saladi wakipita na futi kupima chumba.

Jumatano, tarehe 29 Oktoba, Thérèse anafunua kitambaa, anachuma kishada cha maua kutoka mbangi wa mwisho kuchanua, ule mrefu kuliko yote, na kukisugua kiganjani. Punje moja inadondoka. Ni ngumu, ya kahawia, ina madoadoa kama yai la kware.

"Viviane!" anaita, na leo hakuna cha madame. Wanawake wawili wanakumbatiana katikati ya majani, wanaruka, goti bovu limesahaulika. Wote wawili wanalia na hawaoni aibu.

Wakahesabu punje elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Viviane alitaka kuzichanganya, lakini Thérèse alitenga za ule mbangi wa mwisho, kama alivyofanya nyanya yake, aliyeweka mbegu ya mti usio na haraka. Kwenye daftari la kituo mbegu ile ilikuwa namba tu. Viviane aliuliza iitweje. Sasa imeandikwa kwa wino: Mwanvua.

Februari watapanda mia mbili, katika chumba kikubwa zaidi, na pazia ni lilelile, litaongezwa vipande. Viviane amemkumbusha tena kwamba saa mbili hadi saa mbili inatosha. Thérèse amekataa tena.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita alisimama kanisani, akaeleza yote, neno lenyewe akalitaja mara tatu, akaomba jambo moja tu: mwakani asikose tena wimbo wa mwisho. Kanisa zima liliangua kicheko, kisha mikono ikainuliwa. Kuanzia Juni, ibada itaanza saa nane na kwisha saa kumi na moja.

"Ni sawa," Mchungaji Modeste alisema alipomaliza kuhesabu mikono. "Ila kwenye tangazo tusiandike sababu."