Utepe wa Mzee Muthoka chini ya Taa ya Zaituni

Zaituni ana cherehani mbili, miwani ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa uzi, na heshima ambayo mafundi wenye maduka ya vioo hapa Machakos hawana. Kushona sare za shule, anashona kama wengine. Lakini ukiwa na utepe wa babu yako aliyepigana vita vya Hitla, ule mstatili mdogo wa rangi ambao askari hubandika kifuani siku ambazo medali yenyewe imebaki nyumbani, kila mtu atakuambia, "Peleka kwa Zaituni. Atajua kama ni wa kweli."

Elimu hiyo hakuipata darasani. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa nguo katika kambi ya Mwingereza kule Nairobi, na kazi yake ilikuwa kukata utepe na kuukunja juu ya kipande cha shaba. Watoto wengine tulijifunza kuhesabu kwa vijiti. Zaituni alihesabu mistari ya rangi kwenye magoti ya baba yake.

Mimi huuza ndizi na mboga hapo barazani pake, kwa hivyo nimeona mengi. Siku moja mtu alitoka Ndithini na utepe uliofungwa ndani ya vitambaa vitatu. Zaituni aliutazama mara moja tu.

"Baba, huu ni wa boksi la keki."

"Haiwezekani! Nyanya alisema babu alirudi nao kutoka vitani."

"Basi njiani alipitia harusini."

Halafu akammiminia chai. Zaituni ana huruma hiyo. Husema mtu ambaye amepunguziwa babu asiondoke na njaa.

Mwaka huu alinunua taa ndogo ya kukagua noti bandia, ile ya mwanga wa zambarau. Alikuwa ameambiwa kwamba pamba ya zamani ikimulikwa hubaki giza, lakini nyuzi za siku hizi hung'aa. Taa ikampendeza sana. Ukileta utepe anajifunika shuka nyeusi pamoja nao, anamulika, anatoka na jibu. Ukimwona ndani ya shuka ungedhani anajifukiza kwa sababu ya homa.

Sasa, kanisa letu kule Kathiani liliamua kuweka jiwe lenye majina ya wazee wetu waliopigana Burma. Wengi wao karatasi zao ziliisha kwa mchwa. Kamati ikasema, asiye na karatasi alete utepe, na Zaituni auamue. Hakuna aliyelalamika kwamba yeye ni Mwislamu. Mwenyekiti wetu Bartholomew alisema afadhali, maana hana babu wa kupendelea.

Nzau hakuwa na karatasi. Baba yake, Mzee Muthoka, alikufa Nzau akiwa darasa la pili, na tangu hapo kijiji kimesema huyo hakufika Burma, alipikia tu wazungu Nairobi. Bartholomew ndiye aliyesema zaidi, tangu wakichunga mbuzi pamoja. Nzau sasa ana miaka sabini na tano. Hakutaka kitu kingine, ila jina la baba yake liwe kwenye jiwe pamoja na wenzake. Na fundi wa mawe alikuwa anamaliza kuchonga siku ile ile waliyokuja kwa Zaituni.

Wakafika asubuhi, Nzau akiwa na koti la harusi yake, mkewe Mbithe akiwa na utepe ndani ya Biblia, na Bartholomew kama shahidi.

Zaituni akaupapasa. "Buluu iliyoiva, nyekundu pana katikati, machungwa huku na huku. Hizi ni rangi za Burma. Hata pini ni yenyewe." Nzau akaanza kutabasamu. Kisha Zaituni akaingia ndani ya shuka, na alipotoka uso ulikuwa umebadilika.

"Unang'aa," akasema polepole.

"Asante, Zaituni," akasema Mbithe.

"Hapana, dada. Kung'aa ni kubaya. Ni nyuzi za juzi. Poleni sana, huu ni feki."

Bartholomew alikuwa tayari na simu sikioni. "Haloo, fundi? Yule Muthoka toa. Ee, toa kabisa." Akageuka pembeni, akaongeza jambo kwa kunong'ona.

Nzau akakaa kwenye kreti yangu ya ndizi. "Sasa Baba alininunulia uongo sokoni?" akauliza, lakini hakuwa anamuuliza mtu. Nilitamani ardhi inifiche, na sikuwa nimefanya kitu.

Mbithe ndiye ambaye hakuelewa. "Ngoja. Mnataka using'ae kwa nini? Niulizeni mimi kazi niliyofanya! Kila Krismasi naufua huo utepe. Natumia sabuni ya unga, ile ya kufanya nguo nyeupe iwe nyeupe zaidi. Naanika, napiga pasi kidogo. Baba mkwe hawezi kuingia Krismasi na vumbi kifuani, hata kama ni marehemu."

"Tangu lini?" akauliza Zaituni.

"Tangu niolewe. Miaka arobaini na nane."

Zaituni akalitazama shati la mwenyekiti. Kisha bila kuomba ruhusa akamtupia Bartholomew shuka kichwani, akaingia naye, akawasha taa juu ya shati lake jeupe la kanisa.

"Subhanallah," tukamsikia ndani. "Mwenyekiti, unang'aa kama karabai! Hata wewe ni feki."

"Toa hii kitu! Shati langu ni safi!"

"Ndiyo ninachosema. Ni sabuni inayong'aa, si nyuzi."

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaangusha mizani.

Zaituni akarudi kwa njia ya baba yake. Akachomoa uzi mmoja, mfupi kama kope, kutoka upande uliokunjwa nyuma ya shaba, akauchoma kwa kiberiti. Nailoni huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Huu uliungua kama karatasi, ukaacha jivu laini kidoleni. Akageuza mkunjo, akautazama ufumaji kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Mzee Nzau, utepe wa baba yako ni wa kweli. Nilikuwa nimeujua kwa vidole, nikaenda kuuliza taa. Nisamehe."

Nzau akainuka kutoka kwenye kreti. Aliuchukua, akauweka kifuani, akaushikilia hapo kwa mkono.

Tukamgeukia mwenyekiti sote. Akakohoa. Akapiga simu.

"Haloo, fundi. Yule Muthoka, mrudishe."

Simu yake ina sauti kubwa, tukasikia kila kitu. "Nafasi imeisha, mzee. Si wewe uliniambia pale nimjazie baba yako?"

"Amejaziwa nini?" akauliza Mbithe.

Fundi akasoma bila hiana: "Koplo. Simba wa Burma. Mkulima Bora. Mpenda Watu."

"Mkulima bora?" Nzau akainua kichwa. "Alikuwa anawalimia Wajapani?"

Bartholomew akajipangusa uso. "Fundi, bado hujachonga hayo maneno?"

"Nimeandika kwa chaki tu."

"Toa Mkulima Bora."

"Bado Muthoka hatoshi."

"Toa Simba," Bartholomew akasema kwa sauti ndogo sana.

"Sasa anatosha, lakini kwa kubanana. Nitoe na Mpenda Watu?"

Bartholomew alikuwa amefungua mdomo akubali, lakini Nzau akaisogelea ile simu.

"Hiyo mwachie, fundi," akasema. "Nilipofiwa na Baba, huyo baba yake ndiye aliyekuwa akinikatia miwa."