Sakoshi Iliyorudi Tupu

Dada yangu Mathilde alikuwa na sakoshi saba, na hakuna hata moja iliyonunuliwa kwa mshahara wa mumewe. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Kasongo walisema mengi. Walisema mikoba yake inamfilisi Théophile, karani wa pamba, mtu mpole asiyejua hata bei ya sabuni. Uongo mtupu. Nilikaa nao nyumba moja miaka minne, wakati wa Wabelgiji, nikaona kwa macho yangu.

Kwetu, ukiazima bakuli la jirani, hulirudishi bila kitu ndani. Mathilde aliamua kwamba sakoshi nayo ni chombo. Mwanamke anayekwenda kubatiza mtoto au kumwoza binti alikuja kuazima moja, na Jumatatu ilirudi na mayai, au karanga, au mchele uliofungwa kwenye kitambaa. Mathilde aliviuza sokoni. Vikitosha, aliingia dukani kwa Mgiriki na kutoka na sakoshi mpya. Visipotosha, alipita mbele ya duka lile akitazama upande wa kanisa, na hakugeuka.

Zilitundikwa ukutani chini ya shuka jeupe. Kila Jumamosi alizishusha, akazifuta, akazinusa, akazifungua na kuzifunga ili asikie vile vifungo vinavyolia. Zilikaa vizuri kuliko mimi, na nilimwambia hivyo. Alicheka tu. Nyeusi, yenye kifungo cha shaba, ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na hakumwazimisha mtu.

Mtu mmoja tu angeweza kuipata: Véronique. Walijifunza kushona pamoja kwa masista, mikeka yao ikiwa imegusana, na tangu hapo hakuna jambo la mmoja ambalo mwingine hakulijua. Véronique aliolewa Kabambare na mwalimu Gérard. Alikuwa amepoteza mimba mbili. Mwaka ule alikuwa na ya tatu, na roho yote ya dada yangu ilikuwa Kabambare. Mama wa jirani akizungumzia uzazi, Mathilde aliondoka barazani.

Siku moja barua ya Véronique ikaja kwa lori la pamba. Mathilde alinisomea kwa sauti: “Yaya, dada yangu, unitumie ile nyeusi. Niko naenda ku maternité kuzaa. Nataka nitoke na mutoto mukono moja, sakoshi mukono ingine, wale wote walinicheka wanione.”

Alilia, akaishusha nyeusi, akaifuta mara mbili. Kisha, maana alikuwa Mathilde, akaandika kikaratasi na kukitia ndani: asiiweke chini, asiipake mafuta ya mawese. Nilimwambia akitoe. Mtu anakwenda kuzaa, wewe unamfundisha kutunza ngozi! Akasema Véronique anamjua, hatakasirika, akaituma kwa lori.

Wiki tatu alikwenda barabarani kungoja habari kila lori lilipofika kutoka Kabambare. Wiki ya nne, Musafiri, dereva, alimpa furushi la kitambaa.

“Barua iko wapi?” dada aliuliza.

“Hakuna barua, mama. Bibi moja alinipatia ile muzigo pale sokoni, akaenda. Hakusema kitu.”

Alilifungua palepale. Sakoshi nyeusi, imefutwa ikang'aa. Akafungua kifungo, akaingiza mkono. Akaigeuza, akaipigapiga mgongoni. Haikudondoka hata karanga moja. Hata kile kikaratasi hakikuwamo.

“Amekasirika,” alisema. “Kwa sababu ya maneno yangu ya mafuta.”

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu: “Si nilikuambia?”

Laiti ningenyamaza. Uso wake ulibadilika. Kurudishiwa chombo kitupu kwetu ni kuambiwa usinijue tena, na aliyekuwa akiambiwa hivyo alikuwa ametoa kitu ambacho hakuwahi kumpa mtu. Akamgeukia Musafiri.

“Utamuambia Véronique, asante kwa upepo alitujazia. Kama na mutoto anamulisha upepo vile, atanenepa.”

Watu waliokuwa karibu walicheka. Nami nilicheka.

Lori liliporudi, Musafiri alishuka akavua kofia na kusimama bila kusogea. Alitueleza akitazama chini. Alikuwa amefika mbele ya nyumba ya Gérard, ana haraka, injini inanguruma, akapaza sauti kutoka juu ya lori, akasema maneno yote kama alivyotumwa, ya upepo na ya mtoto. Alipomaliza ndipo alipoona watu wamekaa chini uani, na Gérard kichwa chake kimenyolewa.

Véronique alikufa akizaa. Mtoto alizikwa naye.

Sakoshi ilikuwa ndiyo habari. Katika ukoo wa Gérard msiba hauandikwi, wala hapewi dereva kuutangaza. Kitu alichoazima marehemu hufutwa na kurudishwa kitupu kwa mwenyewe, na mwenyewe akikiona anaelewa kwamba hakuna tena mtu wa kutia kitu ndani. Anajifunga kitambaa, anakuja. Hakuna aliyefikiria kwamba sisi wa Kasongo tungesoma vingine. Hata Gérard, mwalimu mzima, hakufikiria.

Tulipanda lori lile lile. Njiani Mathilde aliniuliza mara moja tu kama Musafiri alipaza sauti sana. Nikamwambia sijui. Nilijua.

Uani walikuwa bado wamekaa, wanawake kwenye mikeka, miguu imenyooshwa. Hakuna aliyetufukuza. Ningefurahi kama wangetufukuza. Mathilde alivua viatu akaenda moja kwa moja kwenye mkeka, ajibane kati ya wale wanawake apige magoti alie nao. Mama yake Gérard akanyanyuka taratibu, mkono kiunoni, akaingia ndani, akatoka na kiti cha mbao. Akakipangusa kwa kanga yake na kukiweka pembeni, kivulini.

“Mama, niache niikae chini na wenzangu,” dada alisema.

“Hapana, mama,” yule bibi akajibu kwa sauti nzuri, bila hasira. “Fasi yako ilikuwa pale, karibu na Gérard. Tulikungojea nayo siku ine. Sasa weye uko mugeni. Mugeni anaikaa ku kiti.”

Gérard alikuwa hatua tatu kutoka pale. Hakuinua macho.

Dada yangu alikaa kwenye kiti. Alikaa wima, miguu pamoja, mikono mapajani, juu kuliko vichwa vya waliokuwa wakimlilia Véronique, mpaka lori lilipopiga honi.