Ukoko wa Ndoo

Kwetu Kituntu, mama alikuwa akikusanya mkojo wa nyumba nzima kwenye ndoo, anautia jivu, anamwagilia migomba. Ndani ya ndoo uliganda ukoko mweupe. Huo aliutwanga na kuuweka kwenye mgomba mmoja tu, ule wa mlangoni, wa ndizi za wageni. Siku ya posa ya dada niliionea haya ndoo ile, nikaikwangua, ukoko nikautupa chooni. Mama alininunia wiki nzima.

Sasa kazi yangu ni kutia madini ya magnesi kwenye mkojo wa vyoo vya shule, unga uleule mweupe utuame, niuchuje, niuanike uwe mbolea. Kiganja cha kwanza hukipeleka kwenye mgomba wa mlangoni. Mama hayupo tena, na hakuna mwingine wa kuniambia yameisha.