Jiwe Lililojitoa

Nikisikia watu wakibishana kama nchi iliyojiunga na nyingine ina haki ya kujitoa, hulikumbuka jiwe la baba, na kichwa huanza kuniuma.

Kijijini kwetu Ndanai, nilipokuwa msichana, nyumba tatu zilijenga kinu cha maji kwa pamoja. Baba alileta mawe ya kusagia. Jirani wa juu alitoa mfereji, maana maji yalipita shambani kwake. Wa tatu, seremala, alichonga gurudumu. Mama aliliweka kando jiwe lake la kusagia kwa mkono, akashinda akicheka.

Kisha wale wawili wakaanza kuwasagia kwanza wachuma chai, waliolipa. Mahindi yetu yakangoja. Baba, mtu wa hasira za karibu, akawaka.

Jioni hiyo alikuwapo kwetu karani wa shamba la chai, mtu wa upande wa ziwa, akitusomea gazeti. Lilisema wakubwa wa Kiingereza walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziwekwe chini ya mkubwa mmoja.

"Na moja ikichoka, inaweza kutoka?" baba akauliza.

Karani akapekua kurasa. "Hiyo hawajasema, mzee. Wameandika kuingia tu."

"Mimi niliingia kwa hiari yangu," baba akasema.

Asubuhi alifunga ng'ombe nira, akaenda kuliburuta jiwe lake la juu.

"Kutoka utoke, lakini jiwe libaki," wenzake wakamwambia.

"Jiwe ni langu."

"Basi na maji ni yangu," akasema jirani wa juu, akaziba mfereji. Seremala naye akang'oa gurudumu lake.

Kila mmoja alipozungumza nilimwamini, hadi alipozungumza wa pili. Nilichanganyikiwa kabisa. Kama baba hakuwa na haki ya kutoka, basi alikuwa mfungwa wa majirani zake. Kama alikuwa nayo, mbona kinu cha watu wote kilikufa siku ile ile? Nilimwonea baba huruma, na papo hapo nikamkasirikia.

Mama akalirudia jiwe la mkono. Viganja vikamchubuka, akawa anasaga amevifunga vitambaa. Siku moja baba akalalamika kwamba ugali umechelewa. Mama akafungua vile vitambaa, akanyoosha mkono kuelekea uani, kuku walikokuwa wamelala juu ya lile jiwe kubwa.

"Haki yako ile pale," akasema. "Iambie isage."

Baba akatoka kwenda kuwafukuza kuku. Nami nimezeeka, na jibu la swali lake kwa karani sijalipata.