Kinu kwa Mama Shabani, mchi kwangu: deadlock niliyoisababisha mwenyewe Chole

Hapana mkuu. Unasema lock, zile kufuli za programu za kompyuta, hazihitaji mpangilio; kila process, yaani programu inayoendeshwa, ishike inachokipata kwanza, kingine itasubiri.

Hapo kwenye "itasubiri" ndipo ninapokukatalia.

Wakuu wengine, habari za humu. Daftari langu la enzi za ujamaa liko hapa mezani, kwa hiyo siongezi chumvi, hata pale linaponiumbua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Form four nimemaliza Kibaha, nimerudi kwa kaka yangu Chole, Kisarawe. Kijiji kipya. Watu walihamishwa kwa lori, vinu vingi vikabaki mahameni kwa uzito.

Nyumba sita za mstari wetu tukawa na kinu kimoja na mchi mmoja, vinakaa uwanjani katikati. Mmoja akitwanga, wengine tunangoja. Mutual exclusion hiyo, ila jina lake hatukulijua.

Wifi yangu Zena alikuwa na siku sita tangu ajifungue. Maziwa yanatoka kidogo, mtoto analia. Alihitaji uji, na unga umekwisha. Mtama upo, haujatwangwa.

Mimi subira sina, hata leo. Nikaona nikianza kupepeta mtama, mtu ataniwahi. Nikaubeba mchi nikauweka ndani. Nikajiona mjanja.

Jirani yetu Mama Shabani naye alikuwa na makopa yake ya muhogo. Akaja, akakuta mchi haupo. Akakibingirisha kinu mpaka kwake.

Natoka na mtama wangu, kinu hakuna.

"We msomi, lete mchi!"

"Lete kinu, Mama Shabani. Mimi nimetangulia."

"Umetangulia kwenye mchi. Kwenye kinu nimetangulia mimi. Au huko Kibaha walikufundisha kutwanga kwa kalamu?"

"Basi wewe twanga kwa ngumi."

Na hapo hata shikamoo sikumpa, mtu wa rika la mama yangu.

Jua likapanda. Yeye kakalia kinu chake, mimi nimesimama mlangoni na mchi wangu. Kila mtu ana haki, hakuna anayetwanga.

Kompyuta ikiganda hivyo unazima, unawasha. Sisi ndani tulikuwa na mtoto analia mpaka sauti imemkauka.

Saa nane mchana nikasikia mtu nyuma yangu. Zena.

Wakuu, mzazi kwetu hatoki nje kabla ya arobaini. Zena alitoka. Mtoto kifuani, akaninyang'anya mchi, akauburuza uwanjani nyumba zote zikimtazama, akampa Mama Shabani.

"Twanga wewe kwanza, mama. Ukimaliza niletee vyote viwili. Nina njaa."

Mama Shabani akainuka. "Rudi ndani mwanangu, upepo huu."

Makopa yake hakuyagusa. Alikirudisha kinu, akachukua mtama wetu, akatwanga mwenyewe. Mimi nikachochea moto, simtazami mtu. Zena alikunywa bakuli mbili.

Miaka mingi baadaye nikaingia kwenye kazi za kompyuta, nikafundishwa neno deadlock, mkwamo wa kungojana. Darasa zima linaandika, mimi namwona Zena na ule mchi.

Kwa hiyo mkuu, kinu kimoja kilitutosha siku zote. Kilichotuponza ni kushika kimoja huku unangoja kingine, na mwenzako kafanya hivyohivyo upande wa pili. Wote waanze na kitu kilekile. Hukukipata, cha pili usikiguse.

Nipingeni, uwanja ni wenu. Ila ukija na mfano wako, tuambie pia nani alikaa na njaa wakati process zako zinasubiriana.

Daftari siku ile linaishia hivi, nanukuu:

"Kesho asubuhi nauchukua mchi naufunga kwa kamba kwenye kinu, wa kuvichukua avichukue vyote. Halafu naenda kumtwangia Mama Shabani makopa yake. Shikamoo nianze mimi, kabla hajanitazama."