Kisikizi cha Kushoto cha Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa Kitui niliyeoa Mbooni, na kwetu Wakamba ukioa unapata watu wawili wa kuheshimu kwa namna mbili tofauti. Baba mkwe unakaa naye, mnakunywa chai, hata mnabishana. Mama mkwe ni habari nyingine. Humpi mkono, husogei karibu naye, huli mkiangaliana. Tunaiita nthoni, ile aibu ya heshima kati ya wakwe. Watu wengi wa kanisani wamelegeza siku hizi, lakini mama mkwe wangu, pamoja na wokovu wake wote, hakulegeza hata kidogo. Miaka yote tulisalimiana yeye akiwa mlangoni pa jikoni, mimi nikiwa uani, kila mmoja akiangalia kuku.

Krismasi iliyopita mimi na mke wangu tulimnunulia visikizi vya masikioni, vile visivyo na waya, hapo mjini Salama tunakoishi. Yeye hupenda kusikiliza mahubiri kwenye simu na mzee wake, baba mkwe wangu, hupenda redio yake ipige habari, na nyumba ni moja. Mzee alipoviona alicheka. "Huyu sasa atatembea na masikio ya plastiki," alisema. Mama hakujali. Aliviita maharagwe yake. Akishuka kwenye matuta kupalilia, ungemsikia akisema "Amina!" peke yake katikati ya mahindi.

Jumamosi moja nilipanda Mbooni kumsaidia mzee kuchuma parachichi. Mke wangu alibaki dukani kwetu. Kabla sijamaliza kujipangusa vumbi la bodaboda, mzee akatoka jikoni na kisahani kilichofunikwa kitambaa, kama mtu anayeleta sadaka. Akakiweka mbele yangu. Ndani mlikuwa na visikizi viwili na kikasha chake.

"Mama yako anasema cha kulia kinapiga kelele na cha kushoto kinanong'ona," akasema. "Akiongeza sauti kichwa kinamuuma. Akipunguza, mhubiri anapotea upande mmoja. Wewe ndiye uliyevinunua. Tengeneza."

Nilivitazama bila kuvigusa. Kujua kama kisikizi kina shida, unakitia sikioni. Hakuna njia nyingine ya haraka. Lakini kitu kilichotoka kwenye sikio la mama mkwe kiingie kwenye langu!

Mzee aliona nimesita, na kwa kuwa ni mtu wa utani, akapaza sauti: "Si uvitie tu masikioni usikie?"

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka sakafuni.

"Hapana, baba," nikasema haraka. "Kwanza tujue kama shida ni kisikizi au ni sikio. Mwambie mama abadilishe. Cha kushoto akishikilie kulia, cha kulia akishikilie kushoto."

Mzee akaingia jikoni na kisahani. Nikawasikia wakiteta humo ndani. Akarudi. "Anasema sasa kunong'ona kumehamia kulia."

Nilishukuru Mungu. Masikio ya mama yalikuwa mazima, na ubovu ulikuwa wa kisikizi. Nikaomba simu yake, nikaingia kwenye setingi, mahali pale pa kugawa sauti kati ya kushoto na kulia, maana mtu anaweza kupagusa bila kujua. Kidoti kilikuwa katikati, hakijasogezwa. Sasa hapakuwa na ujanja. Nikachukua kile cha kushoto kwa kitambaa, nikakiinua kwenye mwanga.

Ule wavu mdogo wa kutolea sauti ulikuwa umezibwa kabisa. Cha kulia kilikuwa safi, unaona hadi ndani. Cha kushoto kilikuwa na nta, ya rangi ya asali iliyoungua.

Ningesemaje? "Baba," nikasema kwa sauti ya chini sana, "kuna kavumbi kidogo."

Mzee akachukua kisikizi, akakisogeza karibu na pua, akakunja uso. "Vumbi gani? Huu ni uchafu wa masikio!" akasema, na sauti yake ilifika ng'ambo ya bonde. "Ona vile umejaa! Mama, wewe huoshi masikio?"

Nilitamani bodaboda irudi inichukue. Kisha mama mkwe akatokea mlangoni, mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwaangalia kuku.

"Muulize," akasema, akimwelekezea mzee ule mwiko, "muulize ni nani hukaa na hicho cha kushoto kila jioni!"

Mzee akaanza kukohoa.

"Mimi natumia viwili nikiwa shambani," mama akaendelea. "Jioni yeye ndiye huja kuniomba. 'Niazime kimoja tu nisikie mhubiri anasema nini.' Na akishakitia sikioni hakitoi mpaka alale nacho. Sasa uchafu umekuwa wangu?"

Nilijaribu kuzuia kicheko, nikashindwa. Mama mkwe naye akacheka, akajifunika mdomo kwa leso. Mzee alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeibiwa mchana, halafu akacheka kuliko sisi.

Baada ya hapo kazi ikawa rahisi. Mzee alitafuta mswaki wa zamani uliokauka, nikamwonyesha namna ya kukigeuza kisikizi mdomo chini ili uchafu udondoke nje badala ya kurudi ndani. Bila maji, bila sindano. Alisugua polepole, ulimi umemtoka pembeni. Mzee alipovijaribu, sauti ilikuwa imepanda lakini bado haikulingana. Nikavirudisha vyote viwili kwenye kikasha, nikaifanya simu ivisahau kwenye bluetooth, tukaviacha kwenye chaji tukaenda kuchuma parachichi. Tuliporudi nikaviunganisha upya.

Mzee alivijaribu vyote viwili. "VIMEKUWA SAWA!" akapiga kelele, na kuku wakatawanyika.

"Tumesikia," mama akasema kutoka mlangoni. Kisha akanigeukia mimi, si mzee. "Asante sana, mwanangu. Chai iko kwenye thamosi."

Hakuniletea. Alikaa kwenye kizingiti, mzee akaketi kwenye benchi kando yake, wakagawana kimoja kimoja, simu kati yao. Nilijimiminia chai mwenyewe. Mara wakatikisa vichwa pamoja, mara wakasema "Amina" pamoja, na mimi nisisikie chochote ila njiwa kwenye miti.

Mke wangu alipopata habari hiyo alicheka hadi mteja akaondoka. Mwezi uliofuata tulimpelekea mzee vya kwake, vyeusi, vizuri. Alishukuru sana, akaviweka kabatini, na viko huko hadi leo, ndani ya boksi lake. Nilipomuuliza kwa nini havitumii, aliangalia kama mama yuko mbali.

"Nikianza kuvaa vyangu," akasema, "nitapata wapi sababu ya kukaa pale mlangoni?"